Kinu cha mawese: mikungu mitupu, makapi na maji meusi vipelekwe wapi?

SWALI: Tuna kinu kidogo cha mawese hapa Simbo, Kigoma. Msimu ukichanganya tunapokea karibu tani 2 za mikungu kwa siku. Nyuma ya kinu kuna lundo la mikungu mitupu linalonuka, maji meusi yanatiririka hadi kwenye mfereji, na majirani wameshafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Juu ya hayo, kuni tunanunua kila wiki. Mwenzetu mmoja anataka tuchome kila kitu tuuze majivu, mwingine anataka tujenge mtambo wa gesi. Tuanze na lipi? Na madumu mabovu je?

JIBU: Kiberiti wekeni pembeni, na mtambo wa gesi nao usubiri. Kabla ya kuuliza taka ziende wapi, tazameni kilichomo ndani yake. Katika vinu vingi vidogo taka yenye hasara kubwa kuliko zote ni mafuta yenyewe. Yanaondoka na makapi (zile nyuzi zinazobaki baada ya kukamua), yanaondoka na maji, wala hayaandikwi kwenye daftari lolote.

Kwa tani 2 za mikungu tarajieni mikungu mitupu kilo 400 hadi 460, makapi kilo 240 hadi 300, na maji machafu lita 1,000 hadi 1,400. Vifuu, yaani maganda magumu ya kokwa, vinategemea mbegu: tenera, mbegu chotara, hutoa kilo 100 hadi 140, lakini dura, ile ya kienyeji yenye kokwa nene, huzidisha mno. (Anayepanda upya achukue tenera kwa TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo hapo mkoani. Kifuu chembamba maana yake nyama nyingi ya kukamua.) Hivyo ni viwango vya vinu vikubwa. Pimeni vyenu kwa wiki moja, kila fungu na mizani yake, mtajua mnasimama wapi.

Kisha fanyeni vipimo viwili. Chukueni kilo 1 ya makapi yaliyotoka kwenye kikamulio sasa hivi, ondoeni kokwa, chemsheni kwa lita 3 za maji nusu saa, kamueni kwa kitambaa kizito, acheni maji yatulie, halafu engueni mafuta na kuyapima. Yakizidi gramu 50, kikamulio kinawaibia. Kwa makapi ya kilo 250, kila gramu 50 za ziada ni kilo 12 na nusu za mawese kwa siku, na hizo mnazitupa au mnazichoma. Kipimo cha pili ni cha maji: jazeni chombo kinachoonyesha ndani, chenye kuta zilizonyooka, maji yakiwa bado moto, mkiache hadi asubuhi. Tabaka la juu likiwa sentimita 1 kwenye chombo cha sentimita 20, hiyo ni asilimia 5. Msihesabu tabaka la kahawia la katikati. Lile ni tope lililoshikana na mafuta.

Mafuta kubaki kwenye makapi kuna sababu zake, na ubovu wa mashine mara nyingi ndio wa mwisho. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, hazikuiva vizuri kwenye pipa, kwa hiyo nyama haiachii kokwa. Au zimetwangwa harakaharaka. Au, na hili ndilo kubwa, zimekamuliwa zikiwa zimepoa. Mawese huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 35 hivi, na hata kabla hayajaganda yanakuwa mazito, hayapiti kwenye nyuzi za makapi. Kamueni zikiwa moto wa nyuzi 80 na kuendelea, kwa mafungu madogo, na kikamulio kikazwe polepole ili mafuta yapate muda wa kutoka. Mkikaza kwa nguvu mara moja, mafuta hujifungia katikati ya keki. Mkijaza kikamulio hadi juu ili kuokoa muda, muda mtaupata, ila mafuta yatabaki ndani.

Sasa maji. Jengeni mtego wa mafuta wa vyumba vitatu, kwa matofali na lipu ya saruji, upana mita 1, kina cha maji sentimita 80. Chumba cha kwanza kiwe na urefu wa sentimita 75, viwili vinavyofuata sentimita 50 kila kimoja. Jumla ni lita 1,400, sawa na maji ya siku nzima, na utulivu huo ndio unaoyapandisha mafuta juu. Kutoka chumba hadi chumba pitisheni bomba la inchi 4 lenye kiwiko kinachoelekea chini, mdomo wake ukiwa sentimita 30 kutoka sakafuni: mafuta yanabaki juu yake, tope linabaki chini yake, maji ya katikati ndiyo yanayopita. Mafuta yaengueni kila siku, jioni yakiwa laini au asubuhi yakiwa yameganda kidogo. Tope likifika sentimita 20, litoeni. Mkichelewa linafikia mdomo wa bomba na chumba kinachofuata kinageuka dimbwi la matope. Maji ya kuoshea vyombo kwa sabuni yasiingie humo kamwe. Sabuni huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo zisizopanda, na mtego utaonekana haufanyi kazi.

Mafuta ya mtego si ya kula. Yamekaa na maji na tope, uchachu umepanda, na mkiyarudisha kwenye mapipa ya kuuza mtaharibu hata yale mazuri. Kazi yake ni sabuni ya kufulia. Yachemsheni na maji ya chumvi, yatulie, mwage tope, kisha chujeni. Kwa kilo 8 za mafuta hayo na kilo 2 za mafuta ya mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa (mise ndiyo inayoleta povu), tumieni kostiki soda kilo 1.4 na maji lita 3. Hesabu yake: kilo 1 ya mawese hutaka gramu 141 za soda, mise gramu 176, halafu mnapunguza asilimia 5 ili soda isibaki huru kwenye kipande. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kumwaga maji juu ya soda ni kutafuta mlipuko wa usoni. Vaeni glavu na miwani, tumieni ndoo ya plastiki ngumu, msitumie sufuria ya alumini kwa sababu soda huila. Changanyeni vyote vikiwa nyuzi 45 hadi 50. Mafuta machachu hushika haraka kuliko mawese mapya, kwa hiyo maji ya soda yamiminwe taratibu na fremu ziwe tayari kabla ya kuanza. Kateni kesho yake, kausheni wiki 4. Sabuni ikibaki na ulaini wa mafuta, shukuni soda kwanza: ikikaa wazi hunyonya unyevu na kupungua nguvu.

Maji yanayotoka kwenye mtego bado si ya kumwaga mtoni. Ni machachu, pH 4 hadi 5, na maji ya mawese yasiyosafishwa huwa na BOD (kipimo cha oksijeni inayoliwa na uozo majini) ya miligramu 25,000 hivi kwa lita; kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kumwagwa kwenye mito na maziwa ni 30. Mtego peke yake hauwezi kushusha tofauti hiyo. Yakifika kijitoni, uozo unavuta oksijeni yote na samaki wanakufa. Kwa hiyo yapelekeni kwenye mikungu mitupu, na hapo taka mbili zinamaliza kesi moja.

Mikungu mitupu ikatwe vipande vya sentimita 10. Pangeni tuta la upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, tabaka la mikungu, tabaka jembamba la samadi au mavi ya kuku, kwa sababu mikungu peke yake ina kaboni nyingi na naitrojeni haba, haiozi upesi. Kilo 1 ya mikungu inaweza kupokea hadi lita 3 za maji ya mtego, lakini kwa wiki 8 hadi 10, kidogo kidogo, huku joto likiyageuza mvuke. Wiki za mwanzo pindueni kila baada ya siku 3, baadaye mara moja kwa wiki. Chomekeni nondo katikati: ikitoka ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, tuta linafanya kazi. Likinuka yai viza, hewa haipiti, acheni kumwagia na mpindue. Ndani kukiwa kukavu na kuna unga mweupe, maji hayatoshi. Ezekeni paa la nyasi au bati, maana masika ya Kigoma yakilowesha tuta, maji ya kinu hayatakuwa na pa kwenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za namna hii zikae mita 60 au zaidi kutoka kingo za mto na ziwa. Pimeni kabla ya kuchimba chochote.

Mkikosa nguvu kazi ya kupindua, rudisheni mikungu mitupu shambani ikiwa mibichi. Mchikichi mmoja mkubwa unapokea kilo 150 hadi 250 kwa mwaka, ikitandazwa tabaka moja kuzunguka shina, mita 1 na nusu kutoka kwenye shina. Tani moja ya mikungu hiyo ina potasi inayokaribia ile ya kilo 19 za mbolea ya dukani ya MOP, na naitrojeni kama ya kilo 7 za urea. Potasi huoshwa na mvua upesi, na yale maji meusi yanayochuruzika chini ya lundo lenu ndiyo mbolea yenyewe inayoondoka. Msirundike shambani. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa michikichi, hutaga kwenye marundo yanayooza. Mkiona funza wanene weupe wakati wa kupindua tuta, wapeni kuku.

Rafiki yenu wa majivu hajakosea kabisa, majivu ya mikungu yana potasi nyingi. Ila mkungu mbichi ni maji asilimia 60 hadi 65: utafuka moshi siku nzima, naitrojeni itapotea yote, na majirani watarudi kwa mwenyekiti.

Kuni ndizo zinazoshangaza kuliko vyote hapo kinuni. Kuchemsha ngazi za tani 2 za mikungu kunahitaji megajuli 400 hadi 500 ziingie kwenye pipa. Mafiga matatu hupitisha sehemu moja kati ya kumi ya moto, kwa hiyo mnachoma megajuli zaidi ya 4,000. Makapi ya siku moja, yakikaushwa, yana karibu 2,500. Kwa mafiga hayatoshi. Kwa jiko lililozibwa, linalopitisha robo ya moto, yanatosha na chenji inabaki. Zungushieni pipa ukuta wa matofali na udongo, mwache nafasi ya sentimita 4 kati ya ukuta na pipa ili moto upande, wekeni chanja ya nondo chini, mlango wa kulishia na bomba la moshi la mita 3. Anikeni makapi siku 2 juani. Yakitoa moshi mweusi mzito hata yakiwa makavu, bado yana mafuta, rudini kwenye kikamulio. Vifuu changanyeni kiasi tu, kwa sababu vikiwa peke yake majivu yake huyeyuka na kuziba chanja kama kioo. Vinavyobaki viuzieni wachoma matofali na wahunzi.

Gesi inawezekana, lakini msimu ukiisha mtambo unakaa na njaa, na maji machachu yakiingizwa kwa pupa huua vijidudu vyake. Mtego na jiko vikiwa vimetulia ndipo mrudi kwenye swali hilo.

Madumu ya lita 20 yana alama ya namba 2 ndani ya pembetatu. Chupa za maji ni namba 1. Msizichanganye, mnunuzi atalipa bei ya ile ya chini. Dumu lililobeba dawa ya shamba halichanganyiki na lolote, wala halirudi kwenye mafuta. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni karibu kilomita 1,250, na dumu zima lina hewa nyingi kuliko plastiki. Kateni, osheni, funganeni vipande kwenye magunia, mjiunge na vinu jirani hadi mzigo utoshe kulipa nauli. Yanayovuja kwenye mdomo tu badilisheni kifuniko na mpira wake. Mteja anayerudisha dumu mpunguzieni bei ya dumu, mtanunua mapya machache zaidi kila msimu.