Kupima DNA ya mtoto bila mama yake kujua

Kaka, nimekusoma: mtoto ana miaka 4, maneno ya watu kwamba si wako yamekuchosha, na rafiki kakushauri uchukue nywele zake kimya kimya uzipeleke maabara. Usithubutu. Tanzania ina sheria ya vinasaba (DNA) vya binadamu tangu 2009. Sampuli inataka ridhaa, na majibu ya kuibia hayatakufaa mahakamani.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayopima DNA, haipokei mtu aliyejiendea tu. Anza kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, au wakili. Wao ndio huandika barua ya maombi. Mama akigoma, mahakama inaweza kuamuru kipimo chini ya Sheria ya Mtoto. Kipimo chenyewe chepesi, kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi.

Ndugu yangu alipitia haya. Ustawi walimuuliza kwanza, "Ukikuta si wako, utafanyaje?" Akabaki anatazama sakafu. Kama nawe huna jibu, ongea nao kabla ya kupima. Na matunzo usikate ukisubiri majibu. Mkifika mahakamani, hilo litakugeukia.