GABA "inatuliza" neva au "inazuia" neva?

Swali: Jambo Mwalimu. Ninasomea uuguzi hapa Bukavu. Darasani ni Kifaransa, wodini ni Kiswahili. Nikieleza kazi ya glutamati na GABA, zile asidi amino zinazopeleka habari kati ya neva, niseme GABA inatuliza neva au inazuia neva? Wenzangu wanasema ni mamoja.

Jibu: Jambo dada. Si mamoja. Hutulizwa kilichokwisha kuchafuka: mtoto anayelia, maumivu, bahari. GABA haingoji seli ya neva ichafuke. Ikitoka kwenye ncha ya neva moja na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, ioni za kloridi huingia na seli hiyo huwa ngumu kuamka. Huko ni kuzuia. Glutamati huingiza sodiamu na kuiamsha seli, basi "husisimua" inatosha. (Na ubongo huitengeneza GABA kutokana na glutamati hiyohiyo!)

Lakini "GABA inazuia neva" nayo inaning'inia. Kitenzi hiki hudai ukimalize: kumzuia nani asifanye nini. Andika "GABA huizuia seli isitume habari". Ukiiacha hiyo "isi-", msikilizaji atadhani neva imeziba. Kule Kadutu, mtaani hapo Bukavu, utasema "inazuiaka seli isitume habari", na mama mgonjwa atakuelewa vizuri. -Ka yenu inafanya kazi ya hu- ya vitabuni. Mtihani ukiandikwa kwa Kiswahili, tumia hu-.

Ukitaka kuona tofauti, chukua pepopunda. Sumu yake huzizuia neva zisitoe GABA wala glisini, asidi amino nyingine ya kuzuia, ambayo kazi yake kubwa iko kwenye uti wa mgongo. Kizuizi chenyewe kimezuiwa, kwa hiyo misuli inakakamaa na taya zinajifunga. Jaribu kuyasema hayo kwa "kutuliza", utakwama sentensi ya kwanza.

"Kutuliza" kiweke kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa seli. Dawa ya diazepamu huiongezea GABA nguvu kwenye vipokezi vyake, na hapo ni halali kusema mgonjwa ametulizwa.

Na "mishipa ya fahamu" badala ya "neva"? Ni Kiswahili safi, ila wodini mshipa ni ule unaotafutwa kuwekewa serumu. Baki na neva.