Uhai na dunia: vilibadilishana, viligeuzana ama viligeukana?

Msomaji mmoja wa Likoni, mwalimu wa shule ya msingi, kaniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa natayarisha somo la sayansi la vile uhai ulivyoanza, nikataka kusema viumbe vya kwanza viliibadilisha dunia na dunia nayo ikavibadilisha, nikaandika 'uhai na dunia zilibadilishana kwa mabilioni ya miaka'. Mwenzangu akasoma akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kwani walibadilishana nini, viatu? Sasa niandike nini? Na hayo ni mageuko, mageuzi ama mabadiliko? Tena kuna mwengine ameniambia 'zilibadilishana' makosa, niandike 'vilibadilishana'."

Marahaba mwalimu. Mwenzako ana haki ya kucheka lakini naye asijione sana, manake neno lako ni Kiswahili safi kabisa, limekaa tu pahali si pake.

Kubadilishana kwetu ni nikupe changu unipe chako. Watoto wabadilishana madaftari, watu wakikutana ferini wabadilishana namba za simu, na ukisikia majirani wamebadilishana maneno ujue siku hiyo hapakulalika. Kwa kanuni za mnyambuliko ungetarajia badilisha ukiitia -ana upate "kila mmoja kumfanya mwenziwe awe vyengine", lakini matumizi ya watu yashalipeleka hilo neno sokoni, na lugha ikishaamua hivyo hata uje na vitabu vyako vyote vya sarufi hutoshinda. Pale utakapofika kwenye somo la mimea kutoa oksijeni na kuchukua kaboni dioksidi tunayoitoa sisi tukipumua, hapo sasa litumie, waambie watoto mimea na wanyama wanabadilishana hewa, na yeyote asicheke.

Kwa hiyo hadithi yako ya mabilioni ya miaka mimi nakupa kugeuzana. Geuza kuna mtendaji na kuna anayetendwa akawa kitu chengine, kama zile hadithi za bibi za mtu kugeuzwa paka, na ukiongeza -ana kila mmoja anakuwa mtendaji na mtendwa. Ukitaka kuwaonyesha watoto wako bila ya picha wapeleke kwenye mikoko, hata hapo Tudor, maji yakishatoka. Mizizi inapunguza mbio za maji, maji yakitulia matope yanatua, matope yakitua ardhi inapanda na mche mwengine wa mkoko unapata pa kusimama, nao unashika matope mengine. Mkoko umeligeuza tope na tope limeugeuza mkoko, huwezi kusema nani alianza.

Sasa chukua hilo ulipeleke nyuma. Sayari hii ina miaka kama bilioni 4.5, na kule Pilbara, magharibi ya Australia, kuna mawe ya miaka bilioni 3.48 hivi yenye tabaka tabaka ambazo zilijengwa na vijidudu wasioonekana kwa macho, stromatolaiti wanaziita. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kushangaa kiumbe kujenga jiwe, manake kuta za Mji wa Kale ni matumbawe, Fort Jesus imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na mawe yake ndiyo hayo hayo, ukiupitisha mkono ukutani wayapata yale matundu, hayo yalikuwa nyumba za kiumbe.

Wakati ule hewani hamkuwa na oksijeni ya kuhesabika. Bahari ilikuwa imejaa chuma kilichoyeyuka ndani ya maji kama chumvi ndani ya mchuzi, huoni kitu. Halafu wakatokea sianobakteria, aina ya bakteria, wadogo mno, wakajua kufanya usanisinuru wa kutumia maji na jua na kutoa oksijeni, na ile oksijeni ya mwanzo mwanzo haikufika juu hata, ilikuwa ikikamatana na kile chuma baharini, chuma kikashika kutu kikazama. Yaani ile kutu unayoipigia msasa kwenye grili ya dirisha kila mwaka kwa ajili ya upepo wa bahari, basi bahari zima lilifanya vivyo hivyo, likaweka chini tabaka nyekundu kwa mamilioni ya miaka, na sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa ulimwenguni leo chatoka kwenye hizo tabaka. Grili yako ilishawahi kuwa kutu kabla haijawa grili! Kama miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kubaki hewani, na hapo mambo yakageuka mpaka mawe yenyewe: mwaka 2008 mtaalamu wa madini Robert Hazen na wenzake waliandika kwamba aina za madini zilizojulikana zimepita 4,000, na kama thuluthi mbili zimepatikana kwa sababu ya uhai, hasa hiyo oksijeni.

Hapa ndipo nataka uwe makini na herufi moja. Ukiteleza, z ikawa k, ukaandika "viligeukana", umesema neno jengine kabisa. Kumgeuka mtu ni kumsaliti, jana mlikuwa kitu kimoja leo hakujui. Washirika wa biashara waligeukana, ndugu waligeukana kwa sababu ya shamba la baba yao.

Lakini wallahi ukifikiri, kuna kipande cha hii hadithi ambacho "geuka" inakifaa kuliko hiyo geuza niliyokupa. Wale viumbe wa zamani waliozoea kuishi bila ya oksijeni, kwao ile gesi ilikuwa sumu. Sisi tumezoea kuiita hewa safi, twasema mgonjwa apewe hewa, sasa mtoto akisikia "hewa safi ilijaa duniani" atadhani ilikuwa sherehe. Haikuwa. Hewa iliwageuka. Tena ikafuata barafu kubwa, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba oksijeni iliila gesi ya methani iliyokuwa imeifunika sayari kama blanketi, joto likatoroka. Waliosalimika ni waliojificha pasipofika oksijeni, na hawajaondoka mpaka leo: pale pale kwenye mikoko ukiuchomoa mguu kwenye tope jeusi ukasikia harufu ya yai viza, hao ni vijidudu wanaoishi vile vile bila oksijeni, na harufu ni gesi wanayoitoa. Waliojifunza kuitumia ile sumu ndio walionona. Kiumbe mmoja alimmeza bakteria wa kutumia oksijeni asimsage, akakaa naye ndani, ndio mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu tulivyo navyo sisi kwenye karibu chembe hai zote za mwili, na mwanabiolojia Lynn Margulis alipolitetea hilo mwaka 1967 wengi hawakumkubali upesi. Wanyama wakubwa wamekuja juzi tu, ndani ya hii miaka milioni 600 ya mwisho.

Kwa hiyo geuzana kwa hadithi nzima, geuka kwa ile siku ya sumu (siku, namaanisha mamilioni ya miaka).

Mageuko ama mageuzi: mageuko yametoka kwa geuka, kitu kinakuwa chengine pole pole, ndilo neno la viumbe. Mageuzi yametoka kwa geuza, kuna mtu nyuma yake, na Mkenya akilisikia moja kwa moja anawaza katiba na maandamano, usimpe mtoto wa darasa la sita. Mabadiliko ni la kila kitu, hata bei ya nyanya, halina kosa ila halina ladha. Kuna waandishi watakwambia useme "mageuko shirikishi", yaani vitu viwili kugeuka pamoja. Mimi silipendi, lanuka semina, nasikia mtu ameshika kalamu ya ubao na chai ya saa nne inakaribia. Sema "kugeuzana kwa uhai na sayari", yatosha.

Na nimesema sayari kusudi. Dunia kwetu ina walimwengu ndani yake, dunia hadaa ulimwengu shujaa, na mtu akisema "dunia imenigeuka" hazungumzii volkeno, amedhulumiwa na watu. Kwenye somo la sayansi andika sayari, ama utaje hasa kilichogeuka, bahari, hewa, mawe. Ardhi pia ina shida, kwa watu wengi ni ploti na hatimiliki.

La zi- na vi-: huyo mwengine amekwambia sawa. Majina mawili ya vitu vya ngeli tofauti yakiunganishwa na "na", kwa maandishi ya shule tumia vi-, uhai na sayari viligeuzana. Mtaani watu wanasema zi- kwa kila kitu na hakuna anayekufa, lakini daftari la mwanafunzi linasomwa na mtihani.

Basi andika: "Uhai na sayari yetu viligeuzana kwa mabilioni ya miaka: viumbe wa kwanza waliigeuza bahari na hewa, na bahari na hewa zikawageuza viumbe."

Viumbe *wa* kwanza, mwalimu, si vya kwanza kama ulivyoniandikia, manake kiumbe ana uhai hata awe mdogo vipi. Hilo mwenzako hakuliona, alikuwa ashashughulika na viatu.