Hela za nyumba ya Marekani: jibu kwa ndugu zangu wa Kibosho

Mdogo wangu, umeniuliza mbele ya ukoo mzima, nami nakujibu mbele ya wote. Umesikia kwamba huku Marekani mzee mwenye nyumba anapewa hela na benki na anaendelea kukaa humo humo, bila marejesho ya kila mwezi. Ukasema, basi dada, chukua hizo hela urudi Moshi upumzike.

Ulichosikia ni kweli. Kuzichukua halafu nirudi kukaa Moshi ndiko hakuwezekani.

Huo mkopo tuuite rehani ya kinyume. Ule unaodhaminiwa na serikali ni wa mwenye miaka 62 kwenda juu, ambaye nyumba yake haina deni au limebaki dogo. Hupewi thamani yote ya nyumba, unapewa sehemu, kutegemea umri wako, riba na bei ya nyumba. Unaweza kuchukua kwa mkupuo, au kila mwezi kama pensheni, au ukaiacha ukawa unachota ukibanwa. Nyumba inabaki kwa jina lako.

Kabla ya kuomba, sheria inakulazimisha uongee na mshauri asiye wa benki. Nilimpigia. Swali lililonikwamisha lilikuwa dogo tu: mama, unategemea kuishi kwenye nyumba hii hadi lini? Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kuzeekea kwetu, kwenye kihamba cha baba. Akanijibu kwa upole kwamba basi mkopo huu si wangu. Ukiuchukua, nyumba lazima iwe makazi yako hasa, na kila mwaka inakuja barua utie sahihi kwamba bado unaishi humo. Kuja Krismasi na kurudi hakuna neno. Ukihamia Kibosho, deni lote linadaiwa. Hata ukipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ikipita miezi 12 mfululizo na hukuacha mwenzi ndani, ni hivyo hivyo.

Na deni hilo linakua, ndugu zangu. Kwa riba ya asilimia 6, dola 100,000 ulizochukua leo zinakuwa kama 200,000 baada ya miaka 12, na hujaongeza kukopa hata senti. Bado kuna bima ya mkopo, asilimia 2 ya thamani ya nyumba mwanzoni, halafu nusu asilimia ya deni kila mwaka. Kodi ya nyumba, bima ya moto na matengenezo ni juu yako. Hapo ndipo wazee wengi wameumia: hela zimeisha, kodi haikulipwa, nyumba ikachukuliwa.

Kwetu mama akifariki, nyumba inabaki kwa kitinda mimba na maisha yanaendelea. Huku wanangu wangelikuta deni, walilipe au wauze, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Nafuu ni kwamba likizidi bei ya nyumba, wao hawadaiwi hiyo tofauti.

Sisemi ni wizi. Kuna mama mjane ninayesali naye, hana mpango wa kuondoka hapa, na mkopo huo umemwezeshea paa na dawa. Kwake ni msaada wa kweli. Lakini kuuchukua ili nijenge ghorofa Moshi, au nitume kwenye kila harusi na msiba, sitafanya, na naomba msinisukume. Hii nyumba nimeilipa kwa zamu za usiku. Ndiyo akiba yangu yote.

Nikirudi, nitauza kwanza, ndipo nikate tiketi. Kwa hiyo nisaidie mambo mawili. Nitafutie bei ya kuezeka upya nyumba ya mama, bati za geji 28. Halafu uliza bima ipi ya afya inapokea mtu wa umri wangu na inakubalika hospitali ya KCMC, maana Medicare, bima ya serikali ya wazee wa huku, hainilipii matibabu nikiwa huko.