Usichonge Boriti kwa Ajili ya Shawa: Maswali na Majibu

Maswali ya bafu za ghorofani yamekuwa mengi, na karibu yote yanagusa jambo moja: bomba la maji machafu linataka kupita pale pale boriti ilipolala. Wanaoishi Uingereza na Marekani ndio walioandika zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za huko zina sakafu za mbao, ila yamo pia ya Dar es Salaam na Zanzibar.

Shikamoo fundi. Tumenunua nyumba ya zamani hapa Leicester, tunaweka shawa juu. Fundi bomba anataka kuchonga boriti tano kwa upande wa juu alaze bomba la milimita 40 hadi kwenye bomba kuu. Boriti zina kimo cha milimita 175. Tumruhusu?

Marahaba, mama. Msimruhusu.

Boriti ikibeba mzigo, upande wake wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Katikati ya kimo ndipo mbao inapata nafuu. Nguvu ya boriti hutokana na kimo kuliko unene, tena hupungua kwa kipeo cha pili. Mkichonga milimita 45 kwenye boriti ya 175, kinabaki kimo cha 130, na pale palipochongwa uwezo wa kubeba unabaki asilimia 55 hivi. Mmeondoa robo ya mbao, imeondoka karibu nusu ya nguvu.

Kanuni inayofuatwa Uingereza kwa boriti za mbao nzima ni hii: mkato uwe juu tu, usizidi moja ya nane ya kimo, na uwe kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu wa boriti kutoka kwenye ukuta unaoibeba. Moja ya nane kwenu ni milimita 22 kasoro kidogo. Bomba la 40 halikai humo.

Atakuja na hoja ya kutoboa badala ya kuchonga. Tundu linatakiwa liwe katikati ya kimo, lisizidi robo yake, na liwe kati ya asilimia 25 na 40 ya urefu. Robo ya 175 ni karibu milimita 44, na bomba la 40 la kuunga kwa gundi lina kipenyo cha nje cha milimita 43. Kwenye karatasi linapita. Lakini bomba hilo lazima lishuke angalau milimita 18 kwa kila mita. Boriti tano zikiwa zimeachana milimita 400, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni mita 1.6, kwa hiyo matundu yashuke milimita 29, na hapo yameshatoka katikati. Tena bomba refu lililonyooka halipenyezeki kwa upande kwenye matundu hayo. Litakatwa vipande na kuungwa chini ya sakafu, na kiungo kikivuja hakuna atakayejua mpaka dari ya sebule iote doa.

Geuzeni beseni la shawa ili bomba lifuate boriti, lilale kati ya mbili, litokeze ukuta wa nje na kuteremkia huko. Kama bomba kuu liko upande mwingine kabisa, inueni beseni juu ya jukwaa la mbao la sentimita 12 hadi 15, bomba lipite juu ya sakafu. Mtapanda kidaraja kimoja kila mkioga, na boriti zote tano zitabaki nzima. Kwa vyovyote, bomba la 40 lisizidi mita 3 hadi kwenye bomba kuu bila kuwekewa njia ya hewa, la sivyo maji ya kwenye trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, yatafyonzwa na harufu itapanda. Na kabla kazi haijaanza, wasilianeni na wakaguzi wa majengo wa halmashauri yenu.

Niko Minneapolis. Boriti zangu ni za inchi mbili kwa kumi, na tundu la beseni limeangukia juu ya boriti kabisa. Fundi anasema atakata kidogo kwa chini trapu ikae.

Kwa chini asikate hata kidogo, kaka. Huko ndiko mbao inakovutwa, na ufa ukianzia kwenye kona ya mkato hukimbia na nyuzi za mbao hadi mbali.

Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinaruhusu tundu lisilozidi theluthi ya kimo, nalo liwe angalau inchi 2 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Mbili kwa kumi kwa kweli ina kimo cha inchi 9.25, na theluthi yake ni inchi 3. Bomba la shawa la inchi 2 lina kipenyo cha nje cha inchi 2.375, kwa hiyo kulivusha boriti hakuna shida. Shida yako ni trapu kukaa pale boriti ilipo, na tundu la pembeni haliiondoi.

Anza na njia rahisi: tafuta beseni ambalo tundu lake liko kwingine, au sogeza ukuta wa shawa inchi chache. Ikishindikana, boriti hukatwa na ncha zake kubebwa na mbao za kukingama zilizofungwa kwenye boriti za jirani kwa vishikio vya chuma, huku boriti hizo za jirani zikiongezwa nguvu. Kazi hiyo inataka kibali na mkaguzi aione kabla haijafunikwa.

Boriti za nyumba yetu mpya zina umbo la I, katikati ubao mwembamba. Sheria ni zile zile?

Hapana. Mbao za juu na chini haziguswi kabisa, hata kwa mkato wa kucha. Ubao wa kati hutobolewa kwa kufuata jedwali la kiwanda kilichotengeneza boriti hizo. Mwombeni mjenzi awape.

Mwenye nyumba aliyetutangulia alichonga boriti ili apitishe bomba. Sasa sakafu ya bafu inabonyea na plasta ya chini ina ufa. Tufanye nini?

Acheni kutumia bafu hilo leo. Wekeni mihimili ya chuma ya muda kutoka chini, yenye ubao mnene juu na chini ili mzigo usitue sehemu moja, kisha mwiteni mhandisi. Fungueni dari, mwangaze kona za mkato kwa tochi mkilaza mwanga sambamba na mbao. Ufa mwembamba uliolala kuelekea katikati ya chumba unaonyesha boriti imeanza kuchanika.

Tiba ya kawaida ni kupachika boriti pacha ya kimo kile kile ubavuni, ndefu kupita mkato pande zote mbili, ikifungwa kwa bolti. Misumari peke yake haitoshi. Bomba lihamishwe kwanza. Mkiliacha hapo, pacha nayo itachongwa.

Fundi, slabu imeshamwagwa hapa Mbezi na njia ya bafu ilisahaulika. Wanataka kupasua bimu kwa chini, katikati ya sebule.

Wazuie, ndugu yangu. Chini ya bimu katikati ya chumba ndipo zilipo nondo kuu, na nondo iliyokatwa hairudishwi kwa plasta. Mhandisi akuonyeshe sehemu ya slabu inayoweza kutobolewa kati ya nondo, bomba lining'inie chini yake na lifunikwe kwa dari ya jipsamu. Ambaye bado hajamwaga zege, apachike kipande cha bomba kubwa zaidi kila mahali patakapopita maji.

Nina nyumba Mji Mkongwe, nataka bafu la wageni juu. Boriti ni za mikoko. Naweza kukata moja?

Usikate. Boriti zile ni za mviringo, zimepangwa karibu karibu, na juu yake kuna mawe na chokaa, mzigo mkubwa tayari. Urefu wake ndio ulioamua wembamba wa vyumba vyenu. Usiongeze pia zege nene kwa ajili ya vigae: sentimita 10 za zege ni kama kilo 240 kwa kila mita ya mraba.

Ninachokihofia kwako zaidi ni unyevu. Vichwa vya boriti vimezikwa ukutani, na maji yakifika huko mbao huoza huku ukiitazama kutoka chini ukaiona nzima. Chukua bisibisi, ibonyeze pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, chumba hicho kinahitaji matengenezo kabla ya kufikiria bafu.

Chagua chumba chenye ukuta wa nje au kinachopakana na uwazi wa ndani, uinue sakafu ya shawa, bomba litoke moja kwa moja na liachwe wazi ili livujapo lionekane. Kabla ya vigae, ziba tundu, jaza maji, yaache usiku kucha, kisha asubuhi kagua kutoka chini. Mji huo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo michoro ipeleke kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Nitajuaje boriti zimelala upande gani kabla sijanunua beseni?

Inua zulia utazame misumari ya mbao za sakafu. Mbao hukingama boriti, na mistari ya misumari hufuata boriti zenyewe. Pima nafasi kati ya mstari na mstari, chora kwenye karatasi, uende dukani na karatasi hiyo.