Kuongeza RAM kwenye seva inayofanya kazi: uliza kila ngazi

Ukipewa kwa mara ya kwanza kazi ya kuongeza RAM kwenye mashine pepe ya Linux (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi) bila kuizima, itaonekana nyepesi. Unafungua mipangilio ya mashine, unabadilisha namba kutoka 8 hadi 16, unahifadhi. Kisha unaingia kwenye seva, unaandika `free -h`, na jumla ya RAM ni ileile ya zamani. Wengi wanaoanza hukata tamaa hapo. Wanaizima seva, wanaiwasha upya, namba inabadilika, na wanabaki na imani kwamba Linux haipokei RAM ikiwa kazini. Inapokea, na imekuwa ikipokea kwa miaka mingi. Ila kumbukumbu mpya hupitia ngazi kadhaa kabla programu haijaigusa, na kazi yako ni kuiuliza kila ngazi kama imeshaipokea.

Ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuna hatua mbili tofauti. Ya kwanza ni kutambuliwa: kerneli inaarifiwa kwamba kuna kumbukumbu mpya, inaandaa majedwali ya kuisimamia, na inaiorodhesha chini ya `/sys/devices/system/memory`. Ya pili ni kuingizwa kazini: kurasa zake, yaani vijisehemu vidogo ambavyo kumbukumbu hugawiwa, zinakabidhiwa kwa mgawaji wa kumbukumbu ili zianze kutolewa kwa wanaoomba. Katikati ya hatua hizo mbili kumbukumbu ipo, lakini haruhusiwi mtu kupewa hata baiti moja. Ndiyo maana `free` haikuonyesha kitu.

Anza na `lsmem`. Itakuonyesha safu za kumbukumbu pamoja na hali ya kila moja, na ukiona neno offline, umeshapata jibu. Kisha soma faili la `block_size_bytes` katika saraka ya `/sys/devices/system/memory`. Kwenye seva nyingi za kawaida utakuta 8000000, na usiisome kama milioni nane. Imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, na maana yake ni megabaiti 128. Hicho ndicho kipimo cha kerneli: haipokei kumbukumbu kwa vijisehemu vidogo kuliko hapo. Gigabaiti 8 ulizoongeza zitakuja kama vipande 64, kila kimoja na saraka yake na ndani yake faili liitwalo `state`. Kwenye mashine zenye RAM nyingi sana, kipande kimoja kinaweza kufika gigabaiti 2.

Kukiingiza kipande kazini ni kuandika `online` kwenye faili lake la `state`. Hapa kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi. Ukiandika `sudo echo online > state`, utakataliwa ruhusa, kwa sababu sudo inahusu echo peke yake, ilhali anayelifungua faili ni shell yako, programu inayopokea amri zako, ambayo haina mamlaka hayo. Andika `echo online | sudo tee state`. Kwa vipande 64 sina sababu ya kukushauri ufanye hivyo kimoja kimoja: `sudo chmem -e 8g` inamaliza kazi kwa amri moja. Na kama hutaki kuifikiria tena, faili la `auto_online_blocks` ndilo linaloamua kama vipande vipya viingie kazini vyenyewe. Lisome kabla hujaongeza chochote, maana mipangilio hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, na wakati mwingine ni kanuni za udev, huduma ya Linux inayoshughulikia vifaa vipya, zinazoifanya kazi hiyo.

Kuna uamuzi mmoja ambao huwa haupewi uzito. Badala ya `online` tupu unaweza kuandika `online_kernel` au `online_movable`. Ukichagua ya pili, unaiambia kerneli iweke humo kurasa zinazohamishika tu, kama data za programu, na isiweke majedwali yake yenyewe. Faida yake ni kwamba siku ukitaka kuiondoa RAM hiyo, kurasa zinaweza kuhamishiwa kwingine. Ukurasa wa kerneli kwa kawaida hauhamishiki, na mmoja tu unatosha kukizuia kipande kizima kisitoke. Hasara yake ni kwamba kerneli nayo inahitaji nafasi, na ukiitengea sehemu ndogo mno, itaishiwa na kuanza kuua programu huku `free` ikionyesha gigabaiti kadhaa zisizotumika. Uwiano wa 3 kwa 1, hata 4 kwa 1, kati ya zinazohamishika na za kerneli huwa hauna shida. Kama huna mpango wa kuiondoa, usijitafutie mzigo. Tumia `online_kernel`.

Sasa jambo ninalotamani kila anayeanza alijue mapema: kuongeza kumbukumbu kunahitaji kumbukumbu. Kwa kila ukurasa wa kilobaiti 4, kerneli ya biti 64 hutunza maelezo ya baiti 64. Gigabaiti 16 zina kurasa zaidi ya milioni 4, kwa hiyo maelezo yake peke yake yanakula megabaiti 256, na kwa kawaida yanatoka kwenye RAM iliyopo tayari. Seva iliyoishiwa kumbukumbu kabisa, ile inayohitaji msaada kuliko zote, ndiyo inayoweza kushindwa kuupokea. Kwa hiyo ongeza mapema, matumizi yanapoanza kupanda, usingoje king'ora. Ukikuta imeshabanwa, anza na gigabaiti 1, inayodai megabaiti 16 tu, iingize kazini, kisha ongeza iliyobaki. Kerneli za miaka ya karibuni zina kigezo kiitwacho `memmap_on_memory` kinachoruhusu maelezo hayo yakae kwenye RAM mpya yenyewe. Kwa seva zinazoongezewa mara kwa mara, kifikirie.

Ngazi ya mwisho ni programu zenyewe. Akiba ya kerneli ya data za mafaili itaanza kuitumia RAM mpya papo hapo bila kuambiwa, na kwa seva inayosoma sana diski hiyo peke yake ni nafuu kubwa. Programu ni habari nyingine. Java iliyowashwa na `-Xmx4g` itabaki na gigabaiti 4 zake. PostgreSQL haibadilishi `shared_buffers` mpaka iwashwe upya. MySQL, tangu toleo la 5.7, inakuruhusu kupanua akiba ya InnoDB katika RAM (`innodb_buffer_pool_size`) ikiwa kazini. Kontena nazo zina ukomo wake katika cgroup, utaratibu wa kerneli wa kuwekea programu mipaka, na ukomo huo haujui kwamba mashine imekua.

Yote haya yanawezekana tu kama mashine pepe iliundwa ikiwa na nafasi ya kukua. Katika QEMU, mojawapo ya programu za kuendeshea mashine pepe, ukomo wa juu wa RAM na idadi ya sloti hupangwa wakati wa kuiwasha, na VMware, nyingine ya aina hiyo, hukutaka uruhusu uongezaji huo mashine ikiwa imezimwa. Liulize hilo siku mashine inaundwa. Ukiongeza RAM kwa amri ya `virsh attach-device`, weka `--live` pamoja na `--config`. La sivyo, mashine ikizimwa na kuwashwa tena, RAM uliyoongeza haitakuwepo.

Na kama mashine imebanwa hata gigabaiti 1 haiingii, ipe kwanza faili la swapu. Litengeneze kwa `dd`, lifungie ruhusa kwa `chmod 600`, kisha `mkswap` na `swapon`. Swapu ni nafasi ya diski, haina kasi ya RAM, lakini inaipa kerneli mahali pa kusukumia kurasa ambazo hazijaguswa muda mrefu, ili ipate nafasi ya majedwali yake. Ongeza RAM, ingiza vipande kazini, halafu fuatilia safu za `si` na `so` katika `vmstat 1` mpaka zitulie kwenye sifuri. Ukitaka kuiondoa swapu baada ya hapo kwa `swapoff`, linganisha kwanza kiasi kilichomo na RAM iliyo wazi, kwa sababu kila kilichosukumiwa huko kitarudi kwenye RAM kabla amri haijamalizika.