Mwaka wa Kuondokewa: Jibu kwa Dada Aliyeniuliza Zimebaki Hatua Ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Nimemwomba ruhusa nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake. Ndani ya mwaka mmoja amefiwa na baba yake, ndoa imevunjika, na kazini amepunguzwa. Mwishoni akauliza: "Dada, nimesoma kwamba huzuni ina hatua tano. Mimi nimekwama kwenye hasira, sitoki. Zimebaki hatua ngapi?"

Swali hilo nalijua. Mwaka juzi ningeuliza vilevile, tena kwa ukali kumzidi yeye.

Kwa ambao hamkuwa nami wakati ule, mwaka wenyewe ulikwenda hivi. Mama alifariki mapema mwaka ulipoanza, baada ya kuugua kwa muda mfupi tu. Kabla sijazoea kutompigia simu jioni, mume wangu akaitwa ofisini akakabidhiwa barua. Tukahamia nyumba ndogo, watoto wakabadili shule. Katikati ya hayo nikajikuta mjamzito, tukafurahi wawili kimyakimya, kisha mimba ikaharibika. Na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, nitamfikia huko mbele. Miezi iliyobaki ilijaa foleni, fomu na mihuri. Naiacha, haina la kumfunza mtu.

Turudi kwenye hatua tano. Aliyezitangaza ni Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani. Alizitoa mwaka 1969: kukana, hasira, kujadiliana na Mungu ili kifo kisogezwe, sonona, kukubali. Sasa sikiliza vizuri, dada. Alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Baadaye ndipo watu wakazichukua na kuwavisha wafiwa, zikageuka ratiba. Hakuna aliyekuwekea ratiba. Unaweza kukubali asubuhi, ukakana mchana, na usiku ukamkasirikia marehemu kwa sababu hakusema mapema kwamba anaumwa. Mimi nilimkasirikia mama mpaka nikaogopa.

Maelezo yaliyonikaa ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa huko Uholanzi, waliyoyatoa mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii anaukabili msiba wenyewe: analia, anatazama picha, anaongea habari za aliyeondoka. Saa nyingine anashughulika na maisha yaliyobadilika: nani atalipa kodi ya nyumba, nani atamchukua mtoto shuleni, mimi sasa ni nani bila huyu mtu. Huko kwenda na kurudi ndiyo kazi yenyewe ya kuomboleza. Kuna na saa ambazo mtu hashughuliki na lolote kati ya hayo mawili, amepumzika tu, na hizo nazo zina haki yake.

Niliposoma hayo nilishusha pumzi. Kumbe zile siku nilizofua nguo mpaka jioni bila kumkumbuka mama hata mara moja hazikuwa usaliti. Shangazi mmoja wa upande wa mume alikuwa ameshanitamkia, mbele ya watu, kwamba mimi ni "mwepesi wa kusahau" kwa kuwa aliniona nikicheka na watoto. Alichokiona yeye ni kicheko. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini shangazi huyo methali anazitumia kwa watu wengine tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kazi za nyumbani usizione adui wa huzuni yako. Mtoto lazima aoge. Sare lazima ipigwe pasi. Kwangu mimi, pasi ndiyo iliyonivusha mwezi wa kwanza, na nasema hivyo bila aibu.

Ushauri wa pili, hesabu hasara zako zote. Usiihesabu ile kubwa peke yake. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake za uzito. Kifo cha mwenzi wa ndoa kina 100. Talaka 73. Kifo cha ndugu wa karibu 63. Kufukuzwa kazi 47. Hali ya fedha kubadilika 38, kuhama nyumba 20, kubadili shule 20. Unajumlisha yaliyokupata ndani ya kipindi kimoja, na jumla ikipanda, uwezekano wa kuugua nao hupanda. Si ramli. Haikuambii wewe binafsi utaanguka ama utasimama, na watu wengi wenye alama za kutisha husimama. Lakini mimi nilipojumlisha zangu usiku mmoja, nikaelewa kwa nini nilikuwa nasahau jina la mwalimu wa mwanangu na kwa nini mgongo ulikuwa unaniuma bila sababu. Mwili ulikuwa umeshapiga hesabu kabla yangu. Zako, dada, kwa baba, ndoa na kazi peke yake, zimeshafika 183. Halafu unashangaa huna hamu ya kuchana nywele?

Kitu kimoja nilikitafuta kwenye orodha ile sikukiona. Kupoteza mimba. Ujauzito umo, una alama 40. Kuupoteza hakumo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hili halizungumzwi. Mama alipofariki nyumba ilijaa. Walikuja watu ambao sikuwahi kujua kwamba wanamfahamu. Mimba ilipotoka, hakuja mtu. Wangekujaje, hawakujua. Na wachache waliojua waliniambia utazaa mwingine, au afadhali imetoka mapema, au unao wengine wawili shukuru. Mtaalamu Mmarekani, Kenneth Doka, aliipa jina huzuni ya namna hii mwaka 1989: huzuni isiyotambuliwa. Ni ile ambayo jamii haikupi kibali cha kuionyesha. Mimba iliyotoka. Mchumba wa zamani aliyefariki. Ndugu aliye hai ambaye hamsemeshani. Mume aliyepoteza kazi, ambaye kila anayekutana naye anamwambia "utapata nyingine" kabla hajamaliza sentensi.

Msiba usio na mazishi unakula ndani kuliko wenye mazishi. Mimi naamini hivyo, na hakuna atakayenibadilisha. Ule wa kwanza ulipata watu wa kuubeba pamoja nami. Huu wa pili niliubeba mimi na mume wangu, naye muda huo alikuwa anabeba barua yake.

Kwa hiyo nikarudia kuhesabu, safari hii kwa maandishi. Niliandika kwenye daftari la kawaida kila tulichopoteza mwaka ule, pamoja na vile vinavyoonekana vidogo: chumba cha watoto, jirani aliyekuwa akinishikia mwanangu mdogo, sauti ya mama kwenye simu, uhakika wa mwisho wa mwezi. Kisha nikamwonyesha mume wangu. Hakusema kitu. Akachukua kalamu akaongeza mistari yake chini ya yangu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa ile mimba. Miezi yote ile nilidhani yeye ameshasonga mbele. Wanaume wengi huomboleza kwa mikono, na yule aliyekuwa akikaza bawaba za milango ambayo haikuwa na tatizo lolote alikuwa analia kwa njia yake. Andikeni, jamani. Andikeni halafu onyeshaneni.

Sasa watoto. Ndugu mmoja, kwa nia njema, alimwambia mwanangu mdogo kwamba bibi amelala. Siku zilizofuata mtoto akawa hataki kulala. Tukifikiri ni ukorofi, kumbe anaogopa kulala asije akapelekwa alikopelekwa bibi. Watoto walio chini ya miaka mitano mara nyingi hawaelewi kwamba kifo hakina kurudi, na wanalichukua neno kama lilivyo. Amelala, basi kulala ni hatari. Amesafiri, basi mbona haagi, na kwa nini baba naye anasafiri? Mwambie mtoto kwamba bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Atauliza tena kesho. Utajibu tena, kwa maneno yaleyale. Na usishangae akitoka hapo akaenda kucheza mpira, watoto huingia kwenye huzuni na kutoka kwa haraka kuliko sisi. Pengine na usiku huohuo atakuuliza kama wewe pia utakufa. Usimwahidi usichokiweza. Mwambie unatarajia kuishi muda mrefu, na umtajie nani atamtunza ikitokea vingine. Mkubwa wangu alipojibiwa hivyo alitulia palepale. Alikuwa anataka jina la mtu.

Kuhusu kaka yangu nitasema kidogo, kwa sababu baadhi ya ndugu wanasoma hapa. Wakati mama anaumwa, simu zilipokelewa na watu wawili tu, na yeye hakuwa mmoja wao. Siku ya mazishi akahutubia vizuri sana. Baada ya hapo akaja na karatasi ya kugawana, na alama ya vema ilikuwa imeshawekwa kwenye kila alichokitaka. Sikugombana naye. Niliondoka na kitambaa cha kichwa cha mama na miwani yake, mengine nikamwachia. Hadi leo kuna watu wananiambia nimsamehe ili nipone, kana kwamba msamaha ni dozi. Nitamsamehe siku ikifika. Kwa sasa nimeacha kumsubiri aombe radhi, na hilo limenipa nafasi kubwa kichwani. Wewe nawe, dada, usilazimishwe kupatana na aliyekuacha kwa sababu tu kuna msiba. Msiba haufuti deni la mtu.

Mnaniuliza niliwezaje. Nyumba yangu ilisimama. Hakuna siku watoto walilala bila kuogeshwa, hakuna siku walikwenda shule wachafu, na mkubwa alimaliza mwaka akiwa juu kuliko alivyouanza. Najivunia hilo, niacheni nijivunie. Lakini sikusimama kwa nguvu zangu. Nilijifunza kuomba msaada kwa kutaja kitu. Mtu akikuambia "ukihitaji chochote niambie", hajakusaidia bado, amekuachia kazi ya kufikiri. Mjibu papo hapo: njoo Jumamosi ukae na watoto kwa muda wa saa mbili, nilale. Nisindikize benki. Niandikie barua hii, mimi maneno yamenikauka. Aliyemaanisha atakuja. Asiyemaanisha utamjua, na kumjua nako ni faida. Na ninyi mnaotaka kumfariji mtu, acheni hiyo "baada ya dhiki faraja". Ni kweli, ila isemwe na mwenye dhiki. Nyie fagieni.

Halafu laleni. Nasema tena, laleni. Uamuzi mkubwa, kama kuuza, kuhama au kuolewa upya, kama unaweza kungoja basi ungoje. Sisi kuhama hatukuwa na hiari, lakini mengine yote tuliyaweka kando na hakuna hata moja lililoharibika kwa kungoja.

Kuna mpaka lakini, na hapa sitanii. Huzuni nyingi hulegea taratibu zenyewe. Nyingine hukaza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linautambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu: shauku kali ya kuwa na marehemu tena au kumwaza bila kukoma, pamoja na uchungu mzito, kwa angalau miezi sita, kupita kiasi kinachotarajiwa katika mazingira ya mfiwa, hadi maisha ya kila siku yanashindikana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unasema miezi 12 kwa watu wazima. Ukijiona hapo, nenda kwa mtaalamu, kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usihesabu miezi. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Kuomba dua na kwenda kwa mtaalamu havijawahi kugombana. Wanaovigombanisha ni watu, tena mara nyingi ni wale ambao hawajafiwa.

Dada, mwishoni mwa ujumbe wako uliuliza jambo ambalo nadhani ndilo hasa lililokufanya uandike. Mdogo wako anaolewa mwezi ujao, wewe ndoa yako imekufa juzi na baba hatakuwepo, na hujui kama ukikataa kwenda utakuwa mbaya. Nenda kwenye kufunga ndoa, hiyo ndiyo sehemu atakayoikumbuka. Sherehe ya usiku si lazima. Mwambie mapema, wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mama mkubwa: nitakuwepo mchana, jioni nitaondoka, na sababu unaijua. Chagua mtu mmoja wa kukurudisha nyumbani, umpe saa kabisa. Keti karibu na mlango. Akitajwa baba kwenye hotuba na machozi yakaja, yaache, hata bibi harusi atakuwa analia. Na yule atakayekuuliza mumeo yuko wapi, mwambie hayupo, kisha muulize habari za safari yake.